Kutoka Premio hadi SUV ya Petroli: Hesabu za Mkazi wa Nairobi

Toyota iliacha kuunda Premio na Allion, magari yake ya saluni, mwaka 2021. Kwa kuwa Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi umri wa miaka minane, Premio zinazoweza kushushwa bandarini Mombasa zinazidi kupungua, na siku si nyingi hazitakuwepo kabisa. Hii ni sababu mojawapo inayofanya familia nyingi za Nairobi zilizozoea gari hilo zigeukie SUV za petroli: Mazda CX-5, Toyota Harrier na RAV4, Nissan X-Trail, Subaru Forester, Honda Vezel. Watu hubishana sana kuhusu ipi ni bora. Kwa maoni yangu, ubishi huo unaanzia katikati. Mnunuzi aanze na barabara inayofika nyumbani kwake, kisha giaboksi, na jina la kampuni lije mwisho.

Wanaosema gari la zamani lisiuzwe wana hoja nzito. Premio ya cc 1500 inajulikana na karibu kila fundi wa Nairobi. Spea zake, mpya na za mitumba, hupatikana Kirinyaga Road siku ile ile linapoharibika. Mafuta nayo yana hesabu yake. Tuseme mtu huendesha kilomita 15,000 kwa mwaka na lita ya petroli ni shilingi 180. Gari linalokwenda kilomita 14 kwa lita litamgharimu takriban shilingi 193,000. SUV inayokwenda kilomita 10 kwa lita kwenye msongamano itamgharimu 270,000. Bima kubwa nayo hupanda kwa sababu thamani ya gari imepanda. Kwa mwenye mkopo wa benki, tofauti hizi huhisiwa kila mwezi, na tukumbuke kwamba Oktoba 2023 lita moja Nairobi ilipita shilingi 217.

Lakini Nairobi ya leo haiishii Kilimani na South B. Watu wamejenga Utawala, Ruai, Kamulu na Kitengela, ambako lami huisha kilomita mbili tatu kabla ya geti na udongo mweusi hugeuka utelezi mvua inapoanza. Mafuriko ya Aprili 2024 yalionyesha jinsi familia inavyoweza kukwama karibu kabisa na mji. Tumbo la Premio liko takriban milimita 160 kutoka ardhini. La CX-5 liko karibu 210, na la Forester 220. Sentimita hizo tano au sita zinaamua kama utakwaruza sampu ya oili (bakuli lililo chini ya injini) kwenye mawe kila jioni au utapita. Kwa mtu wa namna hiyo, SUV si anasa, na sioni haki kumwambia anajionyesha. Isitoshe, magari ya karibuni huja na breki zinazojishika zenyewe kizuizi kinapotokea mbele, kitu ambacho Premio ya 2008 haina.

Ninachokipinga ni kuongeza gharama ya magurudumu manne yanayovuta bila kufikiri. Mfumo huo huongeza uzito, huongeza difu (giaboksi ndogo inayogawa nguvu kwa magurudumu) ya kuhudumiwa, na hutaka matairi yote manne yalingane kwa uchakavu. Katika udongo mweusi, ukiwa na matairi ya lami yaliyojaa matope, magurudumu yote manne yatateleza pamoja. Anayeishi Kasarani au Lang'ata na kwenda ushago kwa barabara ya lami, gari linalovuta kwa magurudumu mawili, lenye tumbo la juu na matairi mazuri, linamtosha.

Kuna jambo ambalo wauzaji hawaligusii sana: mwinuko. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa huku ni nyepesi. Injini isiyo na turbo, yaani pampu ya kusukuma hewa ndani yake, hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 za kupanda, kwa hiyo CX-5 ya lita 2.0 yenye nguvu za farasi 155 kwenye karatasi huwa na kama 130 hapa, na kuelekea Limuru hupungua zaidi. Ndiyo maana mtu aliyelipenda gari Mombasa anaweza kuliona zito kwenye mlima wa Waiyaki Way akiwa na abiria watano na mizigo. Turbo hurudisha sehemu kubwa ya nguvu hizo kwa kuisukuma hewa kwa lazima, na hapo ndipo Harrier ya turbo na Forester XT zinapowavutia wengi.

Lakini turbo ina masharti. Injini hizo mbili ziliundwa zitumie petroli ya oktani ya juu (isiyolipuka kabla ya wakati wake ndani ya injini) inayouzwa Japani, ilhali Super ya kawaida ya vituo vyetu haifiki kiwango hicho. Kompyuta ya gari huilinda injini kwa kuchelewesha cheche, na sehemu ya nguvu uliyoilipia inapotea. Turbo pia hufanya kazi katika joto kali, kwa hiyo oili ikichelewa kubadilishwa au ikiwa bandia, bili yake ni kubwa. Kwa familia inayotaka gari la miaka kumi, naona afadhali injini ya lita 2.0 isiyo na turbo, uvumilie mlima.

Giaboksi ndiyo inayoamua gari litakuwa la furaha au la karaha. X-Trail, Forester, Harrier ya kawaida na RAV4 hutumia CVT, giaboksi isiyo na gia za hatua, ambayo husukuma kwa mkanda au mnyororo wa chuma kati ya puli mbili. Ni laini na inabana mafuta, lakini haipendi joto wala oili isiyo yake, na msongamano wa Mombasa Road ni joto tupu. Anayeinunua aibadilishie oili sahihi kila kilomita 40,000 hadi 60,000, hata muuzaji akimwambia oili hiyo haibadilishwi maisha yote ya gari. CX-5 ina otomatiki ya kawaida ya gia sita, na hiyo kwangu ndiyo sababu kubwa ya kuipa nafasi, ingawa spea za Mazda hazipatikani kwa urahisi wala kwa bei kama za Toyota.

Kuhusu kuchagua gari jipya la dukani au lililotumika kutoka Japani, kodi ndiyo inayosema. Gari la cc 2000 ambalo KRA, mamlaka ya kodi, imelithamini kwa shilingi milioni moja hulipiwa ushuru wa forodha wa asilimia 35, ushuru wa bidhaa wa asilimia 25 juu ya jumla ya thamani na ushuru huo, kisha VAT ya asilimia 16 juu ya yote. Ukiongeza ada za uagizaji na reli, unafika takriban shilingi 1,002,500, zaidi ya thamani yenyewe. Likiwa na cc 1500 au chini, ushuru wa bidhaa ni asilimia 20 na unaokoa 78,300. Kwa gari lililotumika, thamani hiyo hupunguzwa kulingana na umri. La dukani halipati nafuu hiyo. Udhamini wa duka una thamani kwa kampuni inayohitaji gari lisilokaa gereji. Kwa familia, pengo la bei ni kubwa mno.

Kwa hiyo aliye kwenye lami aangalie Vezel ya petroli ya cc 1500. Aliye Kamulu au Kitengela achukue CX-5 ya lita 2.0, au Harrier isiyo na turbo akitaka urahisi wa spea na akubali kuitunza CVT. Iwe ipi, adai karatasi ya mnada wa Japani, inayoeleza hali ya gari lilipouzwa huko, kabla ya kulipa amana, alinganishe kilomita zilizoandikwa humo na zile za kwenye dashibodi, na akiona daraja R au RA, ajue gari limewahi kugongwa na kutengenezwa. Yadi ikikataa kuitoa karatasi hiyo, aende yadi nyingine.