Maharage hayana kosa jamani

Mama mdogo wangu wa Mbagala ana vidonda vya tumbo toka mi niko sekondari. Kwenye pindo la khanga yake hazikosekani tembe za magnesiamu, tumbo likianza kuchoma anafungua fundo, anatafuna mbili, anashushia na maziwa, siku inaenda. Maharage kaacha, pilipili kaacha, juisi ya kabichi keshakunywa mpaka basi. Tumbo liko vilevile.

Kinachoniudhi ni kwamba mji mzima tumeshakubaliana vidonda ni kesi ya chakula na mawazo, wakati mhalifu mkubwa anajulikana toka 1982. Madaktari Barry Marshall na Robin Warren, kule Perth, Australia, walimuotesha maabara, bakteria anaitwa H. pylori. Watu wakabisha, asidi yote ile ya tumboni nani aishi humo, basi 1984 Marshall akanywa bakteria mwenyewe, siku chache tu akaanza kutapika. 2005 wakapewa Nobel. Sisi huku bado tunagombana na maharage.

Na kuchoma ndo kadogo. Huyu mdudu anatengeneza amonia ya kuzima asidi hapo alipo, anajichimbia kwenye ute, anajishika kwenye seli za ukuta wa tumbo, afu anafika hadi kwenye DNA. DNA ndo maelekezo ya seli, ni nyuzi mbili zimesokotana kama kamba, ukikatika mmoja seli inauunga bila shida maana ule wa pili unabaki wa kunakilia, sasa watafiti wa Zurich 2011 walionyesha H. pylori akikaa na seli za tumbo zinakatika zote mbili kwa mpigo, yaani kamba inakuwa vipande. Akiondolewa mapema seli inaziunga. Akikaa sana fundi anazidiwa, anaunga ovyo ovyo, makosa yanabaki kwenye maelekezo na hapo kansa inaweza kuanzia, na wengi wetu tunamuokota utotoni kwa hiyo piga hesabu ya miaka. Juu ya hapo kinga yako yenyewe inamwaga kemikali kumuua mdudu na zinaunguza DNA yako humohumo. Ndo maana 1994 shirika la utafiti wa kansa la WHO lilimweka kwenye kundi la visababishi vya kansa.

Simtishi mtu, wengi walionae hawapati kansa maisha yao yote. Ila magnesiamu inapoza asidi tu, mdudu haimgusi, na kamba ikikatika hausikii maumivu yoyote.

Basi nikambeba mama mdogo kwenda kupima, kipimo cha choo, kopo kalificha ndani ya mifuko mitatu kwenye daladala kama kabeba dhahabu. Positivu. Dozi ni omeprazoli ya kupunguza asidi na antibayotiki aina mbili, siku 14. Duka la dawa moja mtaani kwake wakamuuzia nusu, eti akipata nafuu haina haja ya kumalizia! Nilipandwa na hasira mpaka nikatetemeka, maana hapo unamfundisha mdudu kuzoea dawa. Nikanunua iliyobaki sehemu nyingine, na akimaliza tunasubiri wiki 4 ndo tunarudia kipimo, tumbo kutulia peke yake mi siliamini.

Jana siku ya tisa kanipigia, anauliza kwa sauti ya chini kama maharage yanaruhusiwa. Nikamwambia ayaunge na nazi, Jumapili nipo.