Nishani aliyokataa kuirudisha

Mhariri, asanteni kwa habari mliyoandika ya Dk. Mary Walker, daktari wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani. Nimeisoma nikiwa barazani hapa Ngamiani, Tanga, na kilichonishika ni ile Nishani ya Heshima (Medal of Honor), ya juu kabisa katika jeshi la nchi yake. Apewe 1865, baada ya kutibu majeruhi na kufungwa na adui miezi kadhaa, halafu 1917 jina lake lifutwe kwenye orodha ya waliotunukiwa! Mama wa watu akakataa kuirudisha, akaivaa kifuani mpaka anafariki 1919. Haki yake ilirudi 1977, yeye yuko kaburini zamani.

Na sisi tusiwasahau wetu. Dk. Mwele Malecela, mwanamke wa kwanza kuiongoza NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu hapa Tanzania, alipambana na matende na mabusha, maradhi ambayo huku pwani tulizoea kuyaficha ndani ya msuli na kanga. Bibi yangu, mzaa mama, alivimba mguu miaka na miaka kule Muheza akiamini karogwa. Dawa zilipoanza kugawiwa mitaani, alikuwa ameshatangulia.

Mhariri, tafadhali tuandikieni na ya Mwele, ndefu kama hiyo ya Walker, mabinti wanaosomea uuguzi hapa Tanga waisome.