Mashine mpya, mafunzo ya zamani
Habari hii inasema ajali ya kiwandani hapa Kisumu ilitokana na "uzembe wa mfanyakazi". Sikubaliani kabisa. Mimi ni fundi wa mitambo. Kiwanda kimoja nilikofanya kazi Nakuru kilileta mashine mpya, swichi ya kuzimia ikahamia kulia, lakini maelekezo yaliyobandikwa ukutani yakabaki yale ya mashine ya zamani. Mkono uliozoea huenda kushoto wenyewe, hasa zamu ya usiku. Huyo naye ni mzembe? Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri atoe mafunzo na usimamizi, si kuwasainisha watu fomu siku ya kuajiriwa basi. Na vibarua je, nani huwafundisha? Mwandishi, tafadhali rudi umuulize meneja mafunzo ya mwisho yalifanyika lini.