Kalio la Kushoto

Novemba Mtwara ni mwezi wa vitu viwili: hela ya korosho na jasho. Hela ya korosho ndiyo iliyojaza ule ukumbi wa Magomeni. Jasho ndilo lililoniponza mimi.

Kikundi cha vichekesho kilinikodi nipige picha za wasanii wakijiandaa kabla ya kupanda jukwaani. Kosa langu la kwanza nililifanya gesti: begi la kamera, na miwani yangu ndani yake, lilishinda kutwa chini ya kiyoyozi. Lenzi ikitoka kwenye baridi ikakutana na hewa ya pwani, inafunga ukungu kama glasi ya maji ya barafu. Haifutwi na shati, inasubiriwa. Miwani nayo ni hivyohivyo.

Chumba cha kuvalia kilikuwa stoo ya viti vya plastiki: balbu moja, kioo kimoja kilichomeguka pembe, watu tisa. Fleshi nilikatazwa mlangoni. Siku za nyuma mwenzangu mmoja aliwasha wakati mtu anajipaka wanja, mstari ukaanzia jichoni ukaishia sikioni. Basi nikapandisha ISO, wepesi wa kamera kunasa mwanga, hadi 3200, nikaifungua lenzi ya milimita 50 mpaka f/1.8, tundu pana kabisa la kupitisha mwanga, nikaomba Mungu.

Nyota wao ni kijana mpole wa bodaboda ambaye jukwaani ni Mama Mkwe. Alivaa bukta mbili za kubana, katikati yake akachomeka vipande vya godoro alivyokata kwa kisu, kimoja kila upande, juu akafunga khanga visitembee, kisha gauni la kitenge cha tausi na kilemba. Ubaya wa sponji, inakunywa jasho, na ikinywa inakuwa nzito. Kalio la kushoto likawa linateremka taratibu kuelekea gotini. Mimi niliyekuwa nyuma yake nikipiga picha ndiye niliyepewa zamu: nikisema "Limeshuka!" analikamata kwa mikono miwili, anarusha kiuno, linapanda.

(Asikudanganye mtu kwamba mwanaume kuigiza mama ni mambo ya kuja. Wamakonde wana kinyago cha mwili, tumbo la mjamzito lililochongwa kwa mti, matiti na kitovu na chale zake, na anayekivaa kuchezea ngoma ni mwanaume. Kile hakishuki. Mti haunywi jasho.)

Mama Mkwe wetu akatoka kwenda msalani. Mara mlango ukafunguliwa, likaingia gauni lilelile la kitenge cha tausi, kilemba kilekile, umbo lilelile, likasimama mbele ya kioo likanipa mgongo. Miwani ina ukungu, lenzi ina ukungu. Na la kushoto, naapa, lilikuwa chini kidogo ya la kulia.

"Limeshuka tena," nikasema, jicho kwenye kamera.

Kimya.

"Kaka, la kushoto. Likamate ulipandishe, watu wanasubiri. Halafu kidevu hukunyoa vizuri, ndevu zinaonekana mpaka huku."

Chumba kizima kikapoa. Hata aliyekuwa anachana wigi aliacha chanuo humohumo. Gauni likageuka polepole, na mimi, kwa mazoea tu, nikabonyeza.

"Mwanangu," likasema, "hili halipandi. Nimekaa nalo miaka 62."

Alikuwa mama yake mzazi. Ametoka Mikindani kuja kumtazama mwanawe, kavaa sare ya harusi ya mwaka juzi. Mwanawe naye kaazima ya dada yake, sare ileile. Na ule umama mkwe wote, mwendo, mikono kiunoni, kukohoa kabla ya kusema, kumbe kauchukua hapo.

Nikapiga magoti. "Shikamoo mama."

"Marahaba. Na hizi ndevu, ninyoe sasa hivi au baada ya shoo?"

Mwanawe ndipo akaingia, kalio kalishika mkononi, analikamua kama tambara la deki. Akatutazama. "Ah, mama, umeshaonana na mpiga picha?"

Picha nyingi za usiku ule zina ukungu. Iliyotoka kali ni ile moja, na kwa f/1.8, ambapo sehemu nyembamba tu ndiyo inayotoka kali, fokasi ilikwenda kutua palepale kidevuni. Ndevu, ukitaka unazihesabu: ziko tatu. Mama aliitaka kubwa, na fremu juu, bure.

Anauza pweza wa kukaanga Feri. Siku hizi nikipita hata kwa mbali, anaweka upawa chini, anageuka, anapaza sauti soko zima lisikie:

"Mpiga picha! Hebu tazama, leo yako sawa?"