Livingstone wa Samora ana singe

Najua mmeshaiona. Ile klipu imefika mpaka kwenye kundi la kikoba cha mama yangu, na rafiki yangu mmoja mwenye bando la mwezi mzima anaisambaza na maneno yake, eti nilipiga saluti. Sikupiga saluti. Tutafika hapo.

Baba mkwe mtarajiwa yuko mjini wiki ya pili hii. Katoka Ujiji kutolewa mtoto wa jicho, na tangu apewe miwani Alhamisi hakuna maandishi yanayompita. Kwenye mwendokasi kutoka Kimara alisoma kila kibao: spea za bodaboda, mganga wa kurudisha mpenzi, usikojoe hapa faini elfu hamsini. Anasoma kwa sauti. Hatari ilikuwa wazi, mimi nikawa nacheka.

Siku nilichagua vizuri, hilo mnipe. Mwenye mgeni wa kumtembeza Posta ampeleke Jumapili kabla ya saa nne. Siku za kazi kile kipilefti cha Samora na Azikiwe hakina huruma, bajaji zinakutokea pande zote, na sanamu iko katikati, lazima uvizie ndipo uvuke. Tukashuka Posta ya Zamani, tukapandisha taratibu kwa miguu: mimi, Baba, na shemeji yangu mdogo aliyeshika simu. (Shemeji, ukisoma hapa: ile hela ya vocha bado nakudai.)

Dar nina miaka kumi na moja. Ile sanamu nimeipita mara nyingi kuliko nilivyopita mlangoni kwetu, ila siku zote nikiwa nimening'inia kwenye daladala, kwapa la mtu usoni. Kidato cha pili jamaa mmoja aliwahi kuniambia Posta kuna sanamu ya mmisionari mpelelezi, nikaiweka akilini. Shaba nyeusi, kofia, kaelekea bandarini. Kwangu ilitosha.

Basi nikasimama ukingoni mwa barabara, nikanyoosha mkono kama mtu wa utalii.

"Baba, huyu ndiye Dokta Livingstone wa hapa kwetu."

Kimya. Baba akamwangalia. Akaanzia miguuni. Akapanda kiunoni. Akafika mikononi, kwenye bunduki yenye kisu mbele, akakaa hapo.

"Mbona ana singe?"

Wadau, hapa mwenye akili anasema samahani Baba, nimechanganya. Mimi nikasema, "Njiani kulikuwa na simba."

"Simba," Baba akasema, "alimvunja mkono wa kushoto, mwaka 1844. Ukaunga vibaya, hakuweza tena kuunyanyua kupita bega. Hata maiti ilipofika London, kwa mfupa ule ndipo walipohakikisha ni yeye. Huyu wako mkono wa kushoto ndio umebeba bunduki."

Nilisahau naongea na mtu wa Ujiji. Livingstone na Stanley, mwandishi wa habari aliyetumwa kumtafuta, walikutana pale mwaka 1871, chini ya mwembe, na Baba kakulia jirani na kile kinara cha ukumbusho chenye ramani ya Afrika. Kwenye makumbusho yao wale wazungu wawili wanavuliana kofia. Hawachomani.

Nikaendelea kuchimba. "Nasikia walipita naye hapa, Baba, wakimpeleka Ulaya."

"Bagamoyo." Hata hakunitazama. "Februari 1874. Watumishi wake Susi na Chuma na wenzao walimbeba kutoka Chitambo, Zambia ya leo, alikofia Mei 1873. Moyo waliuzika hukohuko."

Kisha akavuka barabara mwenyewe, akaenda kuinama kwenye jiwe. Bamba lile lina Kiswahili, lina Kiingereza, lina na herufi za Kiarabu, yaani Mwingereza alihakikisha hakuna mtu wa kujitetea kwamba hakuelewa. Baba akavua miwani. Akaifuta na pindo la kanzu, kioo cha kwanza. Kioo cha pili. Akaipulizia pumzi, akairudia yote. Akavaa. Akaanza kusoma kama kadhi anayesoma talaka: askari Waafrika waliopigana... akanitazama juu ya fremu. Wapagazi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi... akanitazama. Vita Kuu, 1914 mpaka 1918... akanitazama. Muuza madafu aliyekuwa akikokota baiskeli akasimama. Mlinzi wa duka la jirani akasogea na kiti chake. Kwenye "wapagazi" Baba alirudi akasoma mara ya pili, herufi kwa herufi, na mimi nimesimama pale kama mtoto aliyevunja sahani za wageni.

Jua likanipiga usoni, nikainua mkono nijikinge. Hiyo ndiyo saluti yenu.

Nilipofika nyumbani nikatafuta pa kujishikiza, nikapata kidogo. Palepale, kabla ya huyu askari, kweli palikuwa na sanamu ya mpelelezi! Mjerumani, Hermann von Wissmann, aliyekatiza Afrika mara mbili, akaja kuwapiga akina Abushiri waliowapinga Wajerumani pwani, baadaye akawa gavana. Walimsimamisha kabla ya Vita Kuu. Mwingereza alipoutwaa mji mwaka 1916 akamng'oa, na huyu askari akawekwa 1927. Kwa hiyo nimekosea jina, nimekosea rangi, nimekosea karne, lakini kiwanja sijakosea. Nikamwandikia Baba maelezo hayo yote, ujumbe mrefu, na aya.

Akajibu: "Nimesoma."

Mengine hayana maneno mengi. Klipu ilirushwa tukiwa bado kwenye mwendokasi wa kurudi. Mchumba alicheka mpaka akakata simu. Na jana barua ya posa imejibiwa: mahari imebaki ileile, ila chini kabisa kuna mstari umeongezwa kwa kalamu, mwandiko wa kutulia. Safari ya Bagamoyo, watu watano, nauli na chakula juu ya muoaji, kwenda kuona mnara wa kanisa la misheni alipolazwa Livingstone kabla ya kuvushwa Zanzibar.

Tunaondokea stendi ya Makumbusho Jumamosi. Baba kasema miwani anakuja nayo.