Umeondoka Lini, na Umemuaga Nani?

Mwenzetu mmoja ameondoka wiki hii. Tumejua kwa picha. Amesimama kwenye uwanja wa ndege wa nchi nyingine kabisa, begi mgongoni, meno yote nje, na chini ameandika kwamba msimu umeisha, safari inaendelea. Mioyo myekundu imemiminika. Hakuna aliyeuliza swali nililotaka kuuliza mimi: wewe bwana, umemuaga nani?

Maana katika jengo alilokuwa akiishi, ghorofa ya chini, kuna bibi mmoja aliyempokelea vifurushi msimu mzima. Ndiye aliyemkumbusha siku za kutoa taka. Ndiye aliyemsahihisha lugha bila kumcheka, na wenyeji wenye subira hiyo hawajai kiganja. Jana bibi huyo alinibishia hodi, mkononi ana kifurushi chenye jina la yule bwana, akaniuliza kama anaumwa. Nikamwambia amehama. Akauliza lini. Nilipomjibu akanikabidhi kile kifurushi, akashuka ngazi zake polepole. Hasira niliyoipata jana haijapoa hata sasa, ndiyo maana naandika.

Utetezi wake naujua, kwa sababu ni utetezi wetu sote tunaoishi kwa kuhamahama. Kuaga kunachosha. Kuaga kunaliza. Dunia ni ndogo, tutaonana. Simu zipo. Haya, simu zipo, na ni simu hiyohiyo aliyoitumia kuweka picha kabla ya kumwambia mtu hata mmoja. Na hiyo dunia ndogo ni ndogo kwako wewe mwenye tiketi. Bibi wa ghorofa ya chini haendi popote. Mtu akishatoka kwenye mlango ule, kwake huyo ametoka moja kwa moja.

Zamani upepo ndio uliofunga msimu. Waliokuja pwani ya Afrika Mashariki kwa kaskazi walijua, na wenyeji wao walijua, kwamba kusi ikishika watang'oa nanga. Haikuwa siri ya mtu. Mwenye kudai alidai mapema, mwenye salamu za kupeleka alizileta. Sisi leo tunakata tiketi usiku wa manane, shuka limetufunika kichwa, na asubuhi tunajiona wajanja. Kuaga kumekuwa kama kuoga, kila mtu na mlango wake.

Nimemkumbuka Ibn Battuta, msafiri maarufu wa Morocco, ambaye hakuna hata mmoja wetu awezaye kumfundisha kuhamahama. Alitoka Tangier mwaka 1325, mwaka 1331 akalala Mombasa usiku mmoja na kufika Kilwa, baadaye akawa kadhi Delhi, na huko akajilimbikizia madeni hadi sultani akamlipia. Maldivi nako akapewa ukadhi. Akaoa wake kadhaa, na alipoondoka mwaka 1344 talaka zikatoka. Mmoja alimwacha mjamzito. Simsifu hata kidogo. Tabia ile ingetosha kuandikiwa makala nyingine yenye hasira kuliko hii. Lakini talaka angalau ni kitu kinachosikika, anayepewa anajua amesimama wapi. Ibn Battuta aliacha talaka. Mwenzetu hakuacha hata salamu.

Wasomi nao wana maelezo yao. Kalervo Oberg aliandika mwaka 1960 juu ya mshtuko wa mtu anayeingia katika utamaduni mgeni: furaha ya mwanzo, kisha kuchukia kila kitu mpaka namna watu wanavyopanga foleni, kisha kuzoea taratibu. John na Jeanne Gullahorn wakaongeza mwaka 1963 kwamba anayerudi kwao hushuka bonde jingine la namna hiyohiyo. Sawa. Na sisi tusiorudi kwetu je, tunaoruka kutoka ugeni hadi ugeni? Mimi naona tunajitia ganzi. Huzuni ya mji wa kwanza haijapata hata siku moja ya kukaa kitako, tayari tunapiga picha za mji wa pili. Halafu inakuja kukudai ukiwa mji wa tatu au wa nne, jioni moja isiyo na sababu yoyote, unajikuta unamlilia mtu uliyeachana naye mwaka juzi kwa ujumbe wa maneno manne. Nimewaona watu hawa, wengine nimelala nao chumba kimoja. Wanadhani ni uchovu wa safari. Dawa yake wanasema ni kukata tiketi nyingine.

Sidai sherehe, tuelewane. Sherehe ya kuaga mara nyingi ni njia nyingine ya kutoaga: watu thelathini ambao nusu yao huwajui majina, muziki juu, kila mmoja anakukumbatia kwa sekunde tatu na hakuna aliyesema neno. Ninachodai ni kidogo na ni kigumu zaidi. Kaa chini, hesabu watu waliokubeba msimu huu. Kuna aliyekudhamini ukapata chumba. Kuna aliyekupeleka hospitali ulipokuwa hujui hata kusema unaumwa wapi. Kuna mlinzi wa jengo, ambaye kila ulipotoka alikuuliza umevaa vya kutosha. Hao waendee mmoja mmoja, kwao, si wao waje kwako. Mwambie tarehe. Mtajie siku aliyokusaidia, uitaje hiyo siku, maana "asante kwa yote" ni asante ya mtu asiyekumbuka lolote. Kama mligombana, ligusie hilo gomvi kidogo. Mtu hapandi ndege akaliacha linaoza kwenye kochi la mwenzake. Kisha usimwahidi kwamba utarudi, labda kama kweli utarudi. "Nitarudi tu" ndio uongo unaopendwa kuliko wote katika maisha yetu haya, na wanaobaki wanaujua kuliko sisi. Wameshaambiwa na waliotutangulia chumba kilekile.

Mama mmoja aliyewahi kunipangisha aliniambia hakumbuki wapangaji waliolipa vizuri, anawakumbuka waliokaa naye mezani siku ya mwisho. Nilidhani anatania. Akanitajia majina, na nchi walizotoka, na mmoja alimtaja mpaka rangi ya koti.

Kuna jambo moja nakubali kwa shingo upande: wiki za mwisho huliwa na makaratasi, na mtu anayekimbizana na ofisi hana moyo wa kukaa kwenye kochi la mtu. Basi yaanze mapema. Wanaoishi eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, kwa ruhusa ya siku 90 ndani ya 180, acheni kudanganyana kwamba ukitoka siku moja hesabu inaanza upya. Zile siku 180 zinahesabiwa kurudi nyuma kila siku unapokuwa ndani, na siku ya kuingia na ya kutoka zote zimo. Tena tangu Oktoba 2025 mfumo wa kielektroniki umeanza kuchukua nafasi ya mihuri, kwa hiyo waliokuwa wakitegemea muhuri uliofifia watafute matumaini mengine. Nchi nyingi zinataka pasipoti iliyobakiza miezi sita. Kadi ya homa ya manjano inaanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano, si siku ileile, ingawa tangu Julai 2016 ukishaipata ni ya maisha. Ujerumani usipojifuta kwenye daftari la wakazi, ambapo unaruhusiwa kuanzia siku saba kabla ya kuhama hadi wiki mbili baadaye, barua zitaendelea kukutafuta. Nambari ya simu usiizime kabla ya kuiondoa benki, la sivyo namba za siri zitatumwa kwenye laini iliyokufa na pesa zako utaziangalia kwa mbali. Kodi pia: nchi nyingi hutazama kama ulikaa siku 183, ila nyingine zina vigezo vyake, ulizia. Picha za chumba, piga kabla hujakabidhi funguo. Mwenye nyumba anayetafuta doa la kukatia amana hulipata hata kwenye dari.

Basi, ndiyo hayo. Mengi yanamalizika kabla ya wiki ya mwisho kama hukuitumia miezi yote ukijiambia bado mapema. Na wale wanaotumia siku za mwisho kukimbilia kila mnara na kila jumba la makumbusho walilopuuza tangu waingie, siwaelewi. Mnara utakuwepo.

Wapo watu ambao maneno yangu hayawahusu, na nisingependa wasome haya wakajisikia vibaya. Kuna anayefanya kazi nyumbani mwa watu ambao wamemfungia pasipoti kabatini. Shirika la Kazi Duniani linahesabu kuzuiliwa kwa hati za utambulisho miongoni mwa dalili 11 za kazi ya shuruti, na yeyote aliyewahi kumsikiliza mtu aliyetoka kwenye nyumba ya namna hiyo hahitaji kuambiwa na shirika. Kuna aliyemkimbia mwenza mwenye mkono mwepesi. Huyo asimuage mtu. Atoke usiku, atoke na viatu mkononi, na sisi tuliobaki tuseme hatujui alikoelekea. Kuna na anayefiwa ghafla, akapanda ndege ya kwanza aliyoipata. Wote hao wana ruhusa ya kunyamaza. Mwenzetu wa kwenye picha hakuwa na dharura yoyote. Alikuwa na tiketi ya bei nafuu.

Nasikia kuna watakaosema nina wivu kwa kuwa yeye ameshafika na mimi bado niko hapa nafunga masanduku. Kidogo, ndiyo. Mji ule ni mzuri na mwanga wa kwenye picha zake umenichoma. Lakini mwisho wa mwezi nami ninaondoka, na tarehe yangu inajulikana jengo zima tangu siku niliyolipia tiketi, mpaka watoto wa ghorofa ya tatu wamekuja kuniuliza nani atarithi baiskeli. Nimeshawatembelea wengi. Baadhi ya mazungumzo yamekuwa mazuri, mengine tumeangalia televisheni tu kwa sababu mwenyeji hakuwa na la kusema wala mimi. Moja liliharibika kabisa: mtu aliniambia hakuwahi kunipenda sana, na tukacheka, na sina hakika kama alikuwa anatania. Bado ni bora kuliko kifurushi kwa mkono wa jirani.

Kilo 23 za mzigo wa ndege haziongezeki hata ukizibembeleza, kwa hiyo vitu vinagawiwa. Blanketi na taa vinabaki kwa anayeingia chumbani. Mwavuli ni wa mwalimu wangu wa lugha, unarudi kwa mwalimu wangu wa lugha, na ndio utakuwa kisingizio cha kukaa kwake mchana mzima. Na wewe uliyeazima kitabu changu cha sarufi, unajijua. Kilete kabla ya Alhamisi. Kama umekiandikaandika kwa kalamu, kilete hivyohivyo, na uje mwenyewe, usimpe mtu.