Alumini haishiki kutu? Muulize zebaki

Mafundi wa madirisha hapa Mwanza, kuanzia Igogo hadi Nyakato, wana hoja moja ya kumaliza ubishi: alumini haishiki kutu. Siku hizi naisikia ikihamishiwa kwenye gesi asilia, kwamba gesi ya Songo Songo na Mnazi Bay ikifika Kanda ya Ziwa, vifaa vya alumini vitamaliza kazi. Mimi nakubali nusu.

Alumini ikigusa hewa hujivika utando mwembamba wa oksaidi, na ukikwaruzwa hujirudia wenyewe. Gesi kutoka kisimani inaweza kuja na kabonidayoksaidi, au haidrojeni salfaidi inayonuka mayai viza. Zikikutana na unyevu, hutafuna chuma cha kawaida. Alumini huzivumilia. Baridi nayo haiitishi: gesi inapogeuzwa kimiminika kwa nyuzi 162 chini ya sifuri, chuma cha kawaida huvunjika kama kioo, ndiyo maana vipozeo vya mitambo hiyo vingi ni vya alumini.

Mchawi ni zebaki. Visima vingine huitoa kidogo mno, lakini hujikusanya penye baridi, ikapenya utando ulipopasuka na kuidhoofisha alumini ndani kwa ndani. Mwaka 1973, kwenye kiwanda cha Skikda, Algeria, kipozeo kiliharibika hivyo. Sasa mitambo huchuja gesi kwa mkaa uliotiwa salfa kabla haijafika kwenye kipozeo.

Na sisi ndio tungepaswa kuuliza kwanza kuhusu zebaki. Wachimbaji wadogo wa Geita wanakamatia dhahabu kwa zebaki hiyohiyo. Inazunguka kwenye vichupa, mifukoni, ndani ya magari. Ndege zinaiogopa kwa sababu bodi zake ni alumini (usijaribu kupita nayo uwanja wa ndege).

Halafu, alumini gani? Aloi (alumini iliyochanganywa na metali nyingine) ya magnesiamu, kama ile yenye namba 5083, huhimili kutu vizuri; yenye shaba nyingi ni dhaifu. Sufuria za kusubu mtaani zinatokana na chakavu mchanganyiko, injini za pikipiki humohumo. Kwa ugali, sawa. Lakini fundi akikusubia kiungio cha gesi kwa chakavu hicho, kisha akakifunga moja kwa moja kwenye vali ya shaba, unyevu ukiingia alumini ndiyo italiwa. Mimi kazi hiyo siipokei, hata akinipunguzia bei: nataka namba ya aloi, na kitenganishi kati ya metali hizo mbili.